Kijana Msanii wa Karatu Achore kwa Ajili ya Nani?

Barabara itokayo Makuyuni hupita Mto wa Mbu, hupanda ukingo wa Bonde la Ufa juu ya Ziwa Manyara, huingia Karatu, na mwisho hufika lango la Lodoare, ambalo ndilo mlango wa Ngorongoro. Kando ya barabara hiyo yamepangwa maduka ya vinyago na picha. Mwenye kuyatembelea matatu huwa ameyatembelea yote. Ndani yake mna tembo yule yule chini ya mbuyu ule ule, mna Mmaasai yule yule asiye na uso, amesimama kwa mguu mmoja, na mna mlima Kilimanjaro ambao hauko hata katika mkoa huu. Hutaona humo mwanamke wa Mang'ola akipanga vitunguu vyake guniani, wala mchuma kahawa wa Oldeani, wala mwalimu aliyesimama mbele ya wanafunzi tisini. Mgeni akiyaamini maduka hayo, atarudi kwao akidhani kwamba Karatu ni nchi ya wanyama iliyosahauliwa na watu.

Katika mji huo huo yumo kijana aliyemaliza kidato cha nne, mwenye mkono mwepesi wa kuchora na jicho la kuona. Amekata shauri kuwa msanii. Mara tu anapolitamka neno hilo, hukutana na washauri watatu. Wa kwanza humwambia: chora anachokitaka mtalii. Wa pili humwambia: sanaa si kazi, katafute kazi. Wa tatu humwambia: ikiwa huna budi kuchora, ondoka hapa uende Dar es Salaam au ng'ambo, kwa maana Karatu hakuna sanaa.

Washauri hao huonekana kana kwamba wanapingana. Yafaa ieleweke kwamba hawapingani hata kidogo. Wote watatu wamesimama juu ya dhana moja, nayo ni kwamba watu wa Karatu wenyewe hawana macho. Hawawezi kuwa watazamaji wa sanaa, wala wanunuzi, wala waamuzi wake. Sisi tunaipinga dhana hiyo. Tunasema kwamba mtazamaji wa kwanza wa msanii ni jirani yake, na kwamba kijana anayeanza safari ya sanaa katika wilaya kama Karatu hana budi kushika kazi mbili kwa pamoja: kazi ya kutengeneza sanaa, na kazi ya kuiandalia maonyesho. Asiyeandaa maonyesho yake mwenyewe huonyeshwa na wengine.

Kabla ya kuwajibu washauri hao mmoja mmoja, na tuitazame kwanza nchi yenyewe, ili ionekane kama ni kweli kwamba haina sanaa.

Karatu na Ngorongoro ni mahali adimu katika bara zima la Afrika. Hapa hukutana watu wa jamii nne kubwa za lugha: Wairaqw ambao lugha yao ni ya Kikushi, Wadatooga na Wamaasai ambao lugha zao ni za Kiniloti, Wahadzabe wa kandokando ya Ziwa Eyasi, ambao lugha yao ina sauti za kidoko na haina ndugu aliyethibitishwa, na Wabantu waliotoka pande nyingi za nchi. Kila jamii imekuja na mkono wake. Wasichana wa Kiiraqw, walipokuwa wakikaa unyagoni, walishona sketi za ngozi zilizotiwa shanga kwa mistari na maumbo yenye mpango mkali, ambayo mwalimu yeyote wa jiometri angependa kuyaweka mbele ya darasa lake. Wahunzi wa Kidatooga huko Eyasi huyeyusha kufuli kuukuu na vipande vya shaba kwa moto wa mivukuto, wakatengeneza bangili na vichwa vya mishale, na Wahadzabe huipata mishale hiyo kwa kubadilishana nao asali na mazao mengine ya porini. Wanawake wa Kimaasai huzipanga rangi za shanga kwa kanuni ambazo mwenye kuzijua husoma humo umri na hadhi ya mvaaji. Nyumba za kale za Wairaqw, zilizochimbwa katika ubavu wa kilima na kuezekwa kwa udongo hata adui asizione, ni usanifu wa majengo kwa maana kamili ya neno hilo.

Tukizidi kurudi nyuma, huko Eyasi liko pango la Mumba. Humo wachimbuzi wamekuta shanga zilizotengenezwa kwa maganda ya mayai ya mbuni, zenye umri wa makumi ya maelfu ya miaka. Mtu aliyeketi pale akilitoboa ganda na kulichonga hata likawa duara, alikuwa akifanya kazi isiyomshibisha wala kumkinga na mvua. Alikuwa akitafuta uzuri, na alitaka mwenzake auone. Basi anayesema kwamba sanaa ililetwa Karatu na gari la watalii anapaswa kueleza ni gari gani lililofika Eyasi zamani hizo.

Sasa tumrudie mshauri wa kwanza, asemaye: mpe mtalii anachokitaka. Huyu hupenda kuleta ushahidi wa Tingatinga, nasi tunaupokea ushahidi huo kwa furaha, kwa sababu unamkana yeye aliyeuleta. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika sehemu za Tunduru. Alifanya kazi nyingi za mikono kabla ya kuanza kuchora mjini Dar es Salaam mnamo mwaka 1968. Alitumia alichokuwa nacho: vipande vya mraba vya ubao wa dari na rangi inayong'aa ya kupakia baiskeli. Alifariki mwaka 1972. Kazi yake yote ya uchoraji haikuzidi miaka minne au mitano, lakini katika muda huo mfupi alizaa mtindo ambao leo unajulikana duniani kwa jina lake. Wanafunzi wake na jamaa zake waliuendeleza, na mwaka 1990 wachoraji wa mtindo huo wakaunda chama chao cha ushirika. Familia nyingi zimelishwa na kusomeshwa kwa kazi hiyo, na sisi hatuna neno la kuwadharau.

Lakini swali letu ni hili: Tingatinga alimwiga nani? Hakumwiga mtu. Wageni walizinunua picha zake kwa kuwa hawajapata kuona kitu kama hicho, si kwa kuwa aliwapelekea walichokwisha kukizoea. Basi kijana wa Karatu anayenakili tembo wa Tingatinga kwa mara ya elfu hamfuati Tingatinga, anamkimbia. Amechukua rangi ya mwalimu na kuliacha fundisho lake.

Isitoshe, ushauri huo ni mbaya hata kwa kipimo cha fedha, ambacho ndicho kipimo pekee anachokijua mshauri wetu. Picha zikifanana zote, mnunuzi hana sababu ya kununua hii kuliko ile, ila kwa bei. Hapo mchoraji hushindana na mchoraji mwenzake kwa kushusha bei, hata apate fidia ya rangi na kitambaa tu. Mwenye duka hununua kwa jumla na kuuza kwa bei aitakayo. Dereva aliyewaleta wageni dukani huwa na kamisheni yake. Mwisho wa yote, aliyechora ndiye apataye kidogo kuliko wote, na aghalabu hata jina lake halimo katika picha, kwa maana mlanguzi hapendi mgeni amjue mchoraji akamtafuta mwenyewe. Picha isiyo na jina ni mtoto aliyenyimwa ubini. Kijana aliyefanya kazi hiyo kwa miaka mitano ameuza mamia ya picha, na bado hana jina, hana mkusanyiko wa kazi zake, wala hana mtu mmoja awezaye kusema, "Hii ni kazi ya fulani." Hiyo haiwezi kuitwa kujenga kazi. Ni kuuza nguvu zake kipande kipande.

Liko na jambo zito zaidi. Ngorongoro ilitengwa na Serengeti na kuwekewa mamlaka yake mwaka 1959, kwa kusudi la kuhifadhi wanyama pamoja na wafugaji waishio humo. Iliandikwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1979 kwa sababu ya maumbile yake, na mwaka 2010 thamani yake ya kiutamaduni nayo ikaandikwa. Lakini katika biashara ya utalii, watu wa nchi hiyo wamewekwa upande wa vitu vinavyotazamwa. Mgeni hulipa, huingia katika boma la utamaduni, huimbiwa, huonyeshwa chumba, hupiga picha, huondoka. Muda, maelezo na bei, aghalabu hupangwa na mtu wa nje. Hatusemi kwamba mwananchi asipate riziki yake kwa njia hiyo. Tunasema kwamba aliye kitu cha maonyesho na asiwe mwandaaji wa maonyesho ni mtu aliyenyang'anywa ulimi wake. Utumwa wa namna hiyo hauondolewi kwa kuwafukuza wageni. Huondolewa kwa wenyeji kushika wenyewe kazi ya kuchagua, kueleza na kuonyesha.

Mshauri wa tatu, yule asemaye "ondoka Karatu", tutamjibu kwa mfano wa mtu aliyezaliwa katika mkoa jirani. Elimo Njau alizaliwa Marangu mwaka 1932. Alisoma sanaa Makerere, katika chuo kilichoanzishwa na Margaret Trowell, mwalimu ambaye mwenyewe alikuwa pia mtunza Makumbusho ya Uganda. Yaani alifundisha wanafunzi kutengeneza na wakati huo huo akatunza vilivyokwisha kutengenezwa. Mwaka 1959 Njau, angali kijana, alichora katika kanisa la kumbukumbu huko Murang'a, Kenya, michoro mikubwa mitano ya maisha ya Kristo, na ndani yake watu, vilima na miti ni vya nchi ile ile ambamo kanisa limesimama. Waumini walioingia mle walijiona ukutani.

Angeweza kuishia hapo, akawa mchoraji mwenye sifa, akingoja kualikwa. Hakungoja. Mwaka 1965, pamoja na wenzake, alianzisha Nairobi jumba la maonyesho liitwalo Paa ya Paa. Msomaji wa Kiswahili ataliona mara moja fumbo la jina hilo: paa ni mnyama, na paa ni kwenda juu. Hapo wasanii wa Afrika Mashariki walipata ukuta wa kutundikia kazi zao bila kumwomba mfanyabiashara wa kigeni. Na katika miaka hiyo hiyo ya 1960 alianzisha Jumba la Sanaa la Kibo huko kwao Marangu, kijijini, chini ya mlima.

Tunaomba walimu walitafakari jambo hilo pamoja na wanafunzi wao. Marangu ni mlango wa Kilimanjaro kama Karatu ilivyo mlango wa Ngorongoro. Wageni hupita pale kwenda mlimani kama wapitavyo hapa kwenda bondeni. Njau hakusema kwamba kijiji hakiwezi kuwa na jumba la sanaa. Wala hakusema kwamba, kwa kuwa wageni wanapita, basi auze mlima uliochorwa kwa kunakili. Maisha yake yote amewaonya vijana dhidi ya kunakili. Mwaka 1997 moto uliteketeza Paa ya Paa pamoja na hazina kubwa ya kazi zilizokuwamo. Jumba lilifufuliwa, kazi ikaendelea. Huo ndio mwendo wa msanii aliyekuwa mwandaaji wa maonyesho tangu ujana wake.

Na kama mfano mmoja hautoshi, yuko Sam Ntiro wa Machame, aliyezaliwa mwaka 1923, naye mwanafunzi na baadaye mwalimu wa Makerere. Alipokuwa akisoma London hakuanza kuchora London. Alichora watu wa kwao wakilima, wakivuna, wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi arusi usiku. Picha hiyo ya pombe ya ndizi, aliyoichora mwaka 1956, ilinunuliwa na makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York. Hakuipata New York kwa kuiga New York. Ndipo tunaposema kwamba njia ya kwenda mbali huanzia uani kwako.

Basi tusieleweke vibaya. Hatumkatazi kijana kusafiri. Chuo cha Bagamoyo kilichofunguliwa mwaka 1981, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na karakana za wasanii za Nafasi zilizoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2008, zote ni mahali pa kujifunza na kukutana na wenzake. Aende. Lakini mtu huenda kisimani akiwa na mtungi, na huurudisha mtungi nyumbani. Anayekwenda na kubakia huko huko amehamia kisimani, na nyumbani kwake watu wana kiu.

Tumebakiwa na mshauri wa pili, asemaye kwamba sanaa hailipi. Huyu tutamjibu kwa heshima, kwa kuwa mara nyingi ni mzazi, na hofu yake ni ya haki. Ni kweli kwamba katika miaka ya mwanzo picha peke yake hazitamlisha kijana. Lakini ni kazi gani inayomlisha mtu tangu siku ya kwanza? Mkulima wa kahawa hupanda mche na kungoja miaka mitatu. Hakuna amwambiaye ang'oe mche kwa kuwa haujazaa mwaka wa kwanza.

Katika miaka hiyo ya kungoja, msanii afanye kazi za mkono wake bila haya. Aandike vibao vya maduka. Achore ramani ya dunia katika ukuta wa shule ya msingi na mchoro wa moyo wa binadamu katika zahanati. Apambe kanisa na msikiti kwa namna inayokubaliwa na waumini wake. Afundishe watoto siku za Jumamosi. Kazi hizo haziko chini ya sanaa. Ni sanaa iliyowekwa mahali ambapo watu hupita kila siku, na kila ukuta wake ni maonyesho yasiyo na kiingilio. Zaidi ya hayo, wenye vipaji watano wakiungana wanaweza kununua rangi kwa pamoja, kupanga chumba kimoja cha kazi, na kukataa kwa pamoja bei ya dhuluma. Mmoja akikataa, mlanguzi humwendea wa pili. Watano wakikataa, mlanguzi huketi na kuzungumza.

Kijana azijue na sheria zinazomlinda. Baraza la Sanaa la Taifa liliundwa kwa Sheria Namba 23 ya mwaka 1984, nayo ni kazi yake kumtambua. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa msanii haki juu ya kazi yake, pamoja na haki ya kutajwa jina. Hoteli ikimwomba picha za kupamba kumbi zake, yaandikwe mapatano: ni picha ngapi, kwa bei gani, jina liandikwe wapi, na kama hoteli itataka kuzichapa katika kadi na vitabu vyake, italipa nini zaidi. Mkataba haumfanyi msanii kuwa mfanyabiashara mbaya. Kukosa mkataba ndiko kunakomfanya kuwa kibarua.

Sasa tuseme wazi kazi ya kuandaa maonyesho ni kazi gani, maana wengi hudhani ni kupigilia misumari tu. Mwandaaji huanza na swali, si na vitu. Kwa mfano: shanga za Karatu zimetoka wapi, na nani anazishona? Kisha huwaendea wenye vitu majumbani mwao, kwa hodi na heshima, akaeleza nia yake, akaomba. Kila kitu anachokiazima hukiandika katika daftari: jina la aliyekitengeneza ikiwa linajulikana, kimetengenezwa kwa nini, lini, kwa matumizi gani, kimepitia mikononi mwa nani, na kitarudishwa lini. Kama mwenyewe hataki kitu fulani kitazamwe hadharani, hakitazamwi. Kisha huchagua, na kuchagua ni kuacha. Vitu ishirini vilivyopangwa kwa maana hufundisha kuliko mia mbili vilivyorundikwa. Huandika maelezo mafupi kwa Kiswahili, na jina la kitu katika lugha ya wenyewe. Hukinga vitu na jua, mvua na mchwa. Hukaribisha watu, na wa kwanza kukaribishwa ni wale walioazimisha. Mwisho hurudisha kila kitu salama, na daftari hubaki.

Kazi hiyo haihitaji kasri. Yatosha ukumbi wa shule wakati wa likizo, au chumba cha ofisi ya kata, au turubai siku ya mnada, ambapo watu wa jamii zote wamekusanyika tayari. Wala haihitaji kijana kununua sketi ya bibi yake. La hasha! Sketi ibaki kwa bibi. Kinachokusanywa ni habari zake. Vile vile asithubutu kuchimba mapangoni au kuokota vya kale kwa kisingizio cha sanaa, kwani Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza, na kitu kilichong'olewa mahali pake bila utaalamu hupoteza nusu ya habari zake.

Huenda msomaji akauliza, kwa nini haraka hii? Tunajibu: kwa sababu vitu vinaondoka. Mwaka 1913 Hans Reck alifukua mifupa ya binadamu huko Olduvai, ikapelekwa Ujerumani. Katika miaka ya 1930 Ludwig Kohl-Larsen alichimba Eyasi na Laetoli, na kipande cha taya alichokipata mwaka 1939 kiko Tübingen. Fuvu la Zinjanthropus, alilolivumbua Mary Leakey tarehe 17 Julai 1959, lilikaa nje ya nchi hadi liliporudishwa mwaka 1965, nchi ilipokwisha kuwa huru. Taifa lilipolipokea lilionyesha kwamba linajua maana ya kuwa mlinzi wa vitu vyake. Lakini wakati tukilinda mifupa ya miaka 1,750,000, vitu vya mama zetu vinatoka kwa mlango wa mbele, ndani ya begi la mgeni, kwa bei ya gunia la mahindi, bila jina, bila tarehe, bila daftari. Mkoloni alichukua kwa kibali alichojiandikia mwenyewe. Leo tunafunga mzigo kwa mikono yetu, na kumbebea mgeni hadi garini.

Watu nao wanahama. Tangu mwaka 2022 kaya nyingi zimehamia kutoka Ngorongoro kwenda Msomera, wilayani Handeni. Boma lililoachwa halijengwi tena kwa namna ile ile, na nyimbo, majina ya mahali, na sababu ya mstari huu wa shanga kukaa kando ya ule, huhama katika vichwa vya wazee. Ni nani aliyechora maboma hayo yangali na moshi? Ni nani aliyeandika daftari? Kama hakuna kijana wa hapa aliyefanya hivyo, mjukuu wa kesho atakwenda kujifunza asili yake katika albamu ya mtalii.

Kwa hiyo madai yetu hayamhusu kijana peke yake. Hoteli zilizojaa kati ya Karatu na ukingo wa bonde hutundika picha katika kila chumba. Na zitundike kazi za wasanii wa wilaya hii, zenye majina, zilizonunuliwa kwa bei ya haki. Halmashauri ya Wilaya iwape wasanii chumba kimoja chenye paa zima na kufuli. Wapo wanaodai uwanja wa michezo, nao wanasikilizwa, nasi tunadai chumba. Makumbusho ya Olduvai, ambayo jengo lake jipya lilifunguliwa mwaka 2017, hueleza vema habari za waliokufa zamani. Na watenge ukuta mmoja kwa ajili ya mikono iliyo hai, kwani anayeona nyayo za Laetoli za miaka 3,600,000 anastahili kujua kwamba wenye miguu bado wapo. Tusije tukasikia tena kama tulivyosikia mara nyingi, kwamba fedha hakuna. Nyumba ya Sanaa ilianza Dar es Salaam mwaka 1972 kwa vyombo vichache, na humo akafanya kazi George Lilanga, ambaye kazi zake zilikuja kuonyeshwa katika mabara mengi. Leo nyumba ile haifanyi tena kazi hiyo, nalo hilo ni onyo: mahali pa sanaa pasipolindwa na wananchi wenyewe hutwaliwa na thamani ya kiwanja chake.

Nanyi walimu, msiseme kwamba jambo hili ni la maofisa wa utamaduni. Mtaala ulioanza kutumika mwaka 2024 umefungua mkondo wa amali katika sekondari. Amali haiwezi kuwa useremala na ushonaji tu huku uchoraji ukiachwa kuwa adhabu ya kupamba mabango siku ya mgeni rasmi. Mwanafunzi anayechora pembezoni mwa daftari la hesabu asichapwe kabla hamjautazama mchoro wake. Kila darasa linaweza, kwa muhula mmoja, kuandaa maonyesho ya vitu kumi kutoka nyumbani kwa wanafunzi wenyewe, kila kitu na maelezo yake. Mtoto atakayerudi kwa bibi yake kuuliza, "Hiki ulikitengeneza lini, na kwa nini umeweka rangi hii hapa?", amekwisha kuanza kazi. Na bibi aliyeulizwa hivyo kwa mara ya kwanza hatakiuza kitu kile kesho yake barabarani kwa bei ya kutupa.

Nawe kijana unayeanza, tia jina lako na mwaka katika kila kazi, hata ile uliyoichora katika karatasi ya kufungia sukari. Weka daftari la kazi zako zote: iliyouzwa, kwa nani, kwa bei gani. Kila mwaka chora angalau picha moja ambayo hakuna aliyekuagiza. Tafuta wenzako wanne. Ombeni chumba, mkinyimwa, ombeni tena kwa maandishi. Na maonyesho yenu ya kwanza yafanyeni hapo hapo Karatu, na watazamaji wa kwanza wawe wauza vitunguu, wahunzi, wachungaji na walimu. Watayasema makosa yenu bila kuwaficha, kwa sababu wanakijua kile mlichokichora. Mgeni akitaka kuingia naye, mlango uko wazi. Atakuta watu wamekwisha kuketi, wanabishana juu ya picha yao wenyewe, na itampasa akae kimya kidogo na kusikiliza.